Shax ya Garissa na hila ya kumkausha mwenzako

Katika mji wa Garissa, kivulini mwa mgunga au kandokando ya soko la mifugo, huonekana wazee wawili wamechutama juu ya mchanga na wengine sita au saba wamewazunguka, wakitoa nasaha zisizoombwa. Mchezo wanaoucheza waitwa shax. Herufi hiyo ya mwisho Wasomali huitamka kwa ha ya kooni, ile ya Waarabu, wala si kama Mwingereza aisomavyo. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa na bao na dhumna, twapenda kudhani kwamba mchezo wa watu wa ngamia ni wa kupoteza wakati tu. Si hivyo. Ndani yake mna hila moja ya vita ambayo yafaa kuelezwa kwa utaratibu, maana hila hiyo hiyo ndiyo inayochezwa leo dhidi ya wafugaji wenyewe.

Bao lake huchorwa kwa kidole. Ni miraba mitatu, mdogo ndani ya wa kati na wa kati ndani ya mkubwa, na katikati ya kila upande mstari mmoja unaiunganisha yote mitatu. Hapo hupatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12. Huyu atatumia vijiwe, yule vijiti au mavi makavu ya ngamia, kwa hiyo gharama hakuna. Kete huwekwa moja moja kwa zamu mpaka vituo vyote vijae. Mwenye kupanga kete tatu katika mstari mmoja amepata jare. Lakini wakati huu wa kupanga, jare haimpi mtu ruhusa ya kula. Yampa haki tu. Bao likisha kujaa, aliyetangulia kupata jare ndiye atanguliaye kuondoa kete moja ya mwenzake, kisha mwenzake naye aondoe moja. Nafasi mbili zimepatikana, mwendo waanza. Tangu hapo kila jare mpya ni kete moja ya adui itokayo, na atakayebakiwa na mbili amekwisha, kwa kuwa mbili hazifanyi jare.

Mgeni wa mchezo huu hushughulika na jare. Mjuzi hushughulika na nafasi. Atakapopewa kete ya kuondoa hataitafuta ile inayomtisha, bali ile iliyo jirani na yake, ili mahali pakiachwa wazi awe yeye wa kwanza kupaingia. Kadhalika hapendi kete zake zikae pembeni, kwani penye pembe njia ni mbili tu, hali katikati ya upande wa mraba wa kati njia ni nne. Na shabaha yake tangu kete ya kwanza ni moja: kufikia hali iitwayo irmaan. Hii ni pale kete moja inapoweza kwenda hatua moja ikakamilisha jare, na ikirudi hatua ile ile ikakamilisha jare nyingine. Mtu akisha kuipata haina haja ya ushujaa tena. Huenda akarudi, akaenda akarudi, na kila mwendo kete ya mwenzake yatoka. Neno lenyewe ndilo linaloeleza kila kitu, kwa kuwa irmaan katika Kisomali ni mnyama anayekamuliwa, ngamia au mbuzi mwenye maziwa. Mshindi hampigi adui, humkamua.

Sisi nasi twaijua hila hii, ila hatujaipa jina la maziwa. Katika bao la Kiswahili mtu hashindwi kwa kutekwa mfalme kama katika sataranji. Hushindwa safu yake ya mbele ikiisha kete, na jina la ushindi huo ni hamna. Wajerumani nao, ambao wana mchezo wa miraba mitatu unaofanana sana na shax, huuita kwa neno lao la kinu cha kusagia nafaka. Nako Marekani, mwaka 1993, mwalimu wa hesabu aitwaye Richard Garfield alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao wachezaji wake hununua karata, hubadilishana, na kila mmoja hujipangia jozi yake mwenyewe. (Karata hizo huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue atapata nini. Kama jambo hilo laelekea kamari, hilo tuwaachie mashekhe.)

Mchezo huo wa Wamarekani wastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu umeiweka hila hii katika hesabu iliyo wazi. Jozi ya kila mtu haipungui karata 60. Huanza na 7 mkononi, zikabaki 53 katika fungu, na kila zamu huokota moja. Kila mmoja ana uhai wa pointi 20, na wengi hupigana kuumaliza uhai huo. Lakini mna sheria nyingine: ambaye zamu yake ya kuokota imefika na fungu lake ni tupu, ameshindwa, hata uhai wake ukiwa mzima. Mwaka 1994 ikatolewa karata yenye picha ya jiwe la kusagia, nayo kwa malipo madogo humtupisha adui karata mbili za juu ya fungu lake kila zamu. Ukijumlisha na ile moja aokotayo mwenyewe ni tatu. Gawa 53 kwa tatu, utapata zamu 18. Hapo ndipo penye kazi. Zamu 18 ni nyingi, na mwenzako hatakungojea. Kwa hiyo anayetaka kusaga hana budi kuijaza jozi yake ngao na vizuizi, awe na mawe ya kusagia zaidi ya moja, na avumilie kupigwa pasipo kujibu.

Mna jambo jingine ambalo wanafunzi wa mchezo huo huchelewa kulielewa. Ukimsaga adui karata 52 na moja ikabaki, hujamfanya lolote. Mkono wake ni ule ule, nguvu zake ni zile zile. Ataendelea kukupiga, na mtazamaji atasema ndiye anayeshinda. Kisha zamu moja yapita, ya pili yafika, anyoosha mkono hakuna kitu. Shax si hivyo. Katika shax kila kete itokayo huonekana na huuma.

Sasa tuiangalie nchi yenyewe. Tangu vuli ya 2020, ambayo Wasomali huiita deyr, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo hata mwisho wa 2022. Katika kaunti kame za Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2.4. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Mwisho wa 2023 ikaja mvua, ikaja kwa mafuriko. Mto Tana ukafurika, barabara ya Garissa ikakatika, na mbuzi waliookoka kiu wakachukuliwa na maji. Vuli ya 2025 nayo ikawa haba mno. Hesabu ya mizoga hutangazwa na kuchapishwa, na kila mtu husikitika, lakini mizoga haitwambii habari iliyo kubwa. Kundi la mifugo liko kama fungu la karata kuliko lilivyo kama kete za shax. Nyumba yenye ngamia ishirini ikibakiwa na wanane yaishi. Maziwa yapo, ndama atazaliwa, mzee ataketi na wenzake kama kawaida. Ikibakiwa na wanne bado yaonekana kuwa nyumba ya mfugaji. Kisha siku moja hakuna wa kukamuliwa, na familia yote yahamia katika mojawapo ya zile bulla zinazouzunguka mji wa Garissa, baba akatafuta kazi ya kubeba mizigo sokoni. Waliofika kwenye karata ya mwisho ndio waliopaswa kuhesabiwa mapema. Hawahesabiwi, kwa kuwa kwa macho ya mgeni bado wanacheza.

Mababu walijua namna ya kuikinga hila hii. Waligawa mifugo, ngamia huku, mbuzi kule, wengine kwa shemeji, ili ukame usiwakute wote mahali pamoja. Walikuwa pia na desturi ya irmaansi, yaani kumwazima ndugu aliyefilisika mnyama mwenye maziwa akamue alishe watoto, mwenye mali akibaki na mali yake. Msomaji atazame jinsi neno lile lile, ambalo katika mchezo ni jina la kumkausha mtu, katika maisha ni jina la kumzuia asikauke.

Na shax yenyewe ina sheria ambayo sijaiona katika bao letu. Katika bao, aliyekosa pa kwenda ameshindwa. Katika shax, mchezaji akizibwa pande zote asiweze kusogeza hata kete moja, mwenzake hapati ushindi kwa hilo. Ni wajibu wake kusogea tena mpaka amfungulie njia, na jare atakayoipata kwa mwendo huo haimpi haki ya kula. Kumkamua mtu yaruhusiwa. Kumziba hakuhesabiwi.

Watawala wa nchi hii hawakuwahi kuicheza kwa sheria hiyo. Waingereza waliufanya mto Tana kuwa mpaka ambao mfugaji wa Kisomali hakuruhusiwa kuuvuka apendavyo, na wakaweka karantini iliyozuia mifugo ya kaskazini isifike masoko ya juu ili mashamba ya walowezi yasalimike na maradhi. Baada ya Uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa mpaka Novemba 1991, miaka 28 karibu. Mwaka 1989 Wasomali peke yao, kati ya makabila yote ya Kenya, walisailiwa na kupewa kadi za ziada za kuthibitisha uraia wao. Na usaili maalumu wa vijana wa mipakani kabla ya kupewa kitambulisho uliendelea miaka na miaka, hata rais alipotoa amri ya kuukomesha Februari 2025. Kijana asiye na kitambulisho hapiti daraja la Tana kwa raha wala hasajili simu, na hilo nalo ni kuzibwa.

Siku hizi zatajwa dawa nyingi za ukame. Mojawapo yastahili sifa. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza Wajir bima ya mifugo isiyo na riba, ambapo setelaiti hutazama majani, na yakikauka kupita kiasi wafugaji hulipwa. Malipo ya kwanza yalitoka 2014. Serikali nayo ikafuata na bima yake mwaka 2015 huko Wajir na Turkana. Huku ni kumwongezea mtu karata kabla fungu halijaisha, na ni jambo jema.

Lakini bima hainyweshi. Kando ya Tana mna njia ziitwazo malka, ambazo tangu zamani mifugo ilizipita kuteremka mtoni kunywa. Mashamba ya umwagiliaji yamezila kidogo kidogo, na mti wa mathenge, ulioletwa kwa ajili ya kuni, umezifunga nyingine kwa miiba. Mkulima ana haki ya kuvuna alichopanda, na damu iliyomwagika katika Delta ya Tana mwaka 2012 yatosha kuonya kila upande. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi za Jamii ya 2016 yatoa nafasi ya kuandikisha ardhi kwa jina la jamii, na malka zaweza kuchorwa katika ramani hizo hizo, upana wake na mahali zinapogusa maji, kabla ya shamba jingine kupimwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa haijaandikishwa bado, na ukame ujao hautangoja.