Msikiti hauishi bila mtaa

Watu wengi wakisikia kwamba Waislamu walijenga msikiti katikati ya mbuga za Marekani mwaka 1929, na kwamba msikiti huo ukabomolewa mwaka 1979, huuliza swali moja tu: ni nani aliyewapiga vita? Kwa maoni yangu, swali hilo silo. Msikiti wa Ross haukuuawa na adui. Ulikufa kwa sababu nyumba za waumini zilikuwa mbalimbali mno, na watu wenyewe wakapungua mwaka hata mwaka. Mwenye kutaka kujua habari zake na aanze kwa ramani na hesabu ya watu, kisha ndipo azungumze habari za imani.

Ross ni kijiji katika wilaya ya Mountrail, jimbo la North Dakota, mwendo wa chini ya kilomita mia kutoka mpaka wa Kanada. Kimekaa kando ya reli ya Great Northern, magharibi ya Stanley ambayo ndiyo makao makuu ya wilaya. Nchi yenyewe ni uwanda wa nyasi, wenye vilima vya mviringo na vidimbwi visivyo na idadi, vilivyoachwa na barafu kubwa ya zama za kale ilipoyeyuka. Miti ni haba, na upepo hauna cha kuuzuia. Baridi ya huko si ya kusimuliwa kwa mtu wa pwani akasadiki. Februari mwaka 1936, katika mji wa Parshall ulio wilaya hiyohiyo, kipimo kilishuka hadi digrii 51 za selsiasi chini ya sufuri. Julai ya mwaka uleule, mji mwingine wa jimbo hilo uliungua kwa joto la digrii 49.

Sasa tutazame jinsi ardhi hiyo ilivyokatwa. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1785, serikali ya Marekani iliigawa nchi miraba miraba, kama ubao wa dama. Kila mraba una maili sita kwenda juu na maili sita kwenda kando, nao huitwa taunshipu. Msomaji asidhani kuwa taunshipu ni mji. Ni kipande cha ardhi tu, kiwe na watu kisiwe na watu, chenye eneo linalozidi mara sita eneo la kisiwa cha Mvita. Ndani yake mna vipande 36, kila kimoja maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Huko North Dakota, kipande cha 16 na cha 36 viliwekwa kwa ajili ya shule. Mahali pa ibada hapakutengwa. Mwenye kutaka kanisa au msikiti alitafuta ardhi na mbao kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1862 iliyompa kila mlowezi ekari 160, ambazo ni robo ya kipande kimoja. Sharti lilikuwa ajenge nyumba humo, alime, na akae miaka mitano ndipo apewe hati. Sharti hili la kukaa ndilo lililokuwa na athari kubwa kuliko yote. Mkulima hakuruhusiwa kuishi kijijini pamoja na wenzake na kwenda shambani asubuhi, kama wafanyavyo wakulima wengi duniani. Alilazimika kulala juu ya ekari zake. Fanya hesabu: taunshipu nzima, baada ya kutoa vipande viwili vya shule, ilitosha madai 136 ya ekari 160. Hata ingejaa yote, majirani wanne wangekuwa ndani ya maili moja ya mraba, kila mmoja na upepo wake.

Na tuseme ukweli, ardhi hiyo iliyoitwa ya bure haikuwa ya bure. Ilikuwa na wenyewe kabla ya wapimaji kuja na minyororo yao. Watu wa makabila ya Mandan, Hidatsa na Arikara, walioishi kando ya mto Missouri kusini ya Ross, walisukumwa hadi wakabakishiwa eneo la Fort Berthold. Hata hilo halikusalimika, kwani katika miaka ya 1950 bwawa la Garrison liligharikisha mabonde yao yenye rutuba.

Waislamu wa Ross waliingia katika ramani hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walitoka Shamu, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Uthmaniya, wengi wao katika vijiji vya upande wa Bekaa, Lebanoni ya leo. Baadhi walianza kwa uchuuzi, wakitembea na mizigo mgongoni kutoka shamba hadi shamba, kabla ya kuomba ardhi. Mwombaji alitakiwa awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na uraia wa siku hizo uliruhusiwa kwa mtu mweupe au mwenye asili ya Afrika tu. Watu wa Shamu waliulizwa mahakamani wao ni rangi gani, na jambo hilo halikutulia mpaka hukumu ya kesi ya George Dow mwaka 1915, iliyowahesabu kuwa weupe. Kwa hiyo sisemi kuwa hawakupata udhia. Waliupata, lakini ardhi walipewa, na wakakaa.

Kwa miaka mingi walisali majumbani mwao. Ilipofika mwaka 1929 wakajenga msikiti, mmoja katika misikiti ya mwanzo kabisa nchini Marekani. Ulikuwa jengo dogo ambalo nusu yake ilikuwa chini ya ardhi. Sisi wa Mombasa tukisali huelekea kaskazini karibu sawasawa, kwa kuwa Makka na mji wetu ziko takriban katika mstari mmoja. Ross, kwa hesabu ya mviringo wa dunia, kibla kiko kaskazini-mashariki, nacho hukata mshazari barabara zote za huko, maana zimenyooshwa kufuata mistari ya wapimaji.

Angalieni tarehe hiyo. Mwaka 1929 ndio mwaka masoko ya fedha ya Marekani yalipoanguka, na baada yake ukaja ukame wa miaka ya 1930. Ngano ilikauka ikiwa changa, na vumbi likafunika nyua. Hesabu ya mwaka 1930 iliwakuta watu 13,544 katika wilaya ya Mountrail. Mwaka 1940 walikuwa 10,482. Upungufu uliendelea hata nyakati za neema, kwa sababu trekta moja ilifanya kazi ya familia kadhaa, na aliyebaki alinunua ekari za aliyeondoka. Leo shamba la wastani katika jimbo hilo lapita ekari 1,000, kwa hiyo taunshipu iliyopimwa kwa familia zaidi ya mia sasa haiwezi kupata hata mashamba 25 ya ukubwa huo. Kufikia mwaka 2000 wilaya nzima ilikuwa na watu 6,631, chini ya nusu ya wale wa 1930. Kijiji cha Ross chenyewe kilihesabiwa watu 48.

Hapa ndipo ninapokumbuka masharti ya Ijumaa tuliyofundishwa chuoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Ijumaa yataka wanaume arubaini waliobaleghe, waliofanya mahali pale kuwa maskani yao, wasioondoka wakati wa baridi wala wa joto isipokuwa kwa haja. Tena yataka isaliwe ndani ya mipaka ya majumba ya wakazi hao. Ziko madhehebu zinazotosheka na watu wachache kuliko hao, lakini hakuna inayomruhusu mtu kuwa jamaa peke yake. Wanavyuoni wa kale hawakuwa wapimaji wa ardhi wala makarani wa sensa, lakini waliuliza maswali mawili yale yale: wangapi wanakaa hapa, na nyumba zao ziko wapi? Walijua kwamba ibada ya watu wengi haisimami juu ya nia pekee. Yahitaji majirani.

Najua kuna watakaosema kwamba imani ya wale watu ilikuwa dhaifu, ndiyo maana watoto wao walibadili majina na kuoa katika nyumba za Wakristo. Maneno hayo ni mepesi kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo adhana tatu husikika kwa pamoja. Kijana wa Ross aliyetaka mke Mwislamu angemtafuta wapi? Binti aliyetaka kujua Fatiha angesomeshwa na nani, ikiwa shule ilikuwa ya Kiingereza na mwalimu wa chuo hakuweko? Baba aliyelima tangu alfajiri hadi giza, peke yake juu ya ekari 160, alibaki na saa ngapi za kusomesha? Wahenga walisema mtu ni watu. Watu waliochimba msingi wa msikiti katika nchi ya namna ile hawakupungukiwa na imani.

Atakaye ushahidi na autazame mji wa Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Huko nako walifika watu wa Shamu, wakaanza vilevile kwa uchuuzi, na mwaka 1934 wakafungua msikiti wao, miaka mitano tu baada ya Ross. Msikiti huo ungali umesimama hata leo, na jamaa yake ilikua hata ikajenga mwingine mkubwa zaidi mwaka 1971. Watu ni wa asili moja, dini ni moja, na miaka ile migumu ilikuwa ileile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wa Cedar Rapids walikuwa mjini, wenye maduka, waliokutana kila siku. Mgeni aliyefika kutoka kwao alipata mahali pa kulala na kazi ya kuanzia, akabaki. Ross, mgeni alipata uwanda.

Wengine watasema kwamba mambo yamegeuka, kwa kuwa mafuta yalipatikana kwa wingi katika wilaya ya Mountrail kuanzia mwaka 2006. Ni kweli. Watu 7,673 walihesabiwa mwaka 2010, na 9,809 mwaka 2020. Kijiji cha Ross kilipanda kutoka 48 mwaka 2000 hadi 97 mwaka 2010. Lakini wengi walioletwa na visima vya mafuta walikuja kwa mshahara, wakalala katika mabanda ya muda, na bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014 na 2015 wengi wakafunga mizigo. Watu wa namna hii sensa huwahesabu, lakini jamaa haiwezi kuwategemea. Yule mwenye kukaa wakati wa baridi na wakati wa joto ndiye anayefanya mahali pawe mahali.

Leo pale Ross pana makaburi ya Waislamu, lango lake likiwa na alama ya mwezi na nyota, na kando yake pana msikiti mdogo wenye kuba na minara minne midogo, uliojengwa mwaka 2005 kwa juhudi za vizazi vya wale walowezi pamoja na majirani zao wasiokuwa Waislamu. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo jengo hilo ni kumbukumbu kuliko kuwa msikiti wa swala tano. Wanaokaa pale daima ni maiti, na hao hawajazi safu.

Basi sisi tujifunze nini? Huku kwetu tunapenda kuchangia kuta. Akitokea mfadhili wa kuongeza ghorofa au kupaka chokaa mnara, sifa zake huenea kila barazani. Lakini ni mara ngapi tunauliza ni nani anayekaa katika nyumba zinazouzunguka msikiti ule? Nyumba ya urithi ikiuzwa ikageuzwa ghala, na warithi wakahamia kila mmoja upande wake, huwa tunaona ni biashara ya familia ile peke yake. Chuo kikipungua wanafunzi kwa kuwa watoto hawako tena mtaani, twamlaumu mwalimu. Wale wa Ross walitawanywa na sheria ya nchi ngeni, nao hawakuwa na hiari. Sisi twajitawanya wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Ushauri wangu ni mwepesi kuusema. Kamati ya msikiti inayohesabu mifuko ya saruji na ihesabu pia nyumba za jirani zenye watu. Familia inayotaka kuuza na iwaulize kwanza walio mtaani, kabla ya dalali kuleta mtu wa mbali. Na mwenye uwezo wa kuweka wakfu, asiweke mnara tu. Aweke nyumba ya kupangishwa kwa bei nafuu kwa vijana waliooa karibuni, ili wabaki karibu na adhana.