Damu Inavyotoa Ushahidi wa Mahindi Mabovu

Katika mwaka 2007 watumishi wa afya walizunguka Kenya nzima, wakaingia katika nyumba zilizochaguliwa na kutoa damu kidogo kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Shabaha ilikuwa kupima UKIMWI. Lakini damu ile haikumwagwa yote. Nyingine iliwekwa katika baridi, na baadaye wataalamu wakachagua chupa 600, wakaziuliza swali jingine kabisa: je, wenye damu hii wamekula sumu ya kuvu?

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutolewa na kuvu inayoota juu ya mahindi na njugu, hasa mimea ikipatwa na ukame na joto kali, au mavuno yakitiwa ghalani kabla hayajakauka. Haina ladha wala harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Alaye kidogo kidogo haanguki ghafula; ini lake huumia polepole, na baada ya miaka mingi huenda likashikwa na saratani.

Yapo magonjwa ambayo vijidudu au kuvu yenyewe huingia mwilini, na damu ikafanya askari wa kupigana nayo. Askari hao huweza kudumu miaka, hata mpimaji akajua kwamba adui alipita zamani. Aflatoksini si kiumbe hai, wala mwili haufanyi askari wa namna hiyo juu yake. Ikifika katika ini, sehemu yake hushikamana na albumini, ambayo ni protini ya damu, na alama hiyo ndiyo ipimwayo. Albumini nayo huchakaa; nusu yake huondoka kwa majuma matatu hivi. Kwa hiyo damu hukumbuka chakula cha miezi miwili mitatu tu.

Alama hiyo ilionekana kwa watu 78 katika kila 100. Mwanamume hakumpita mwanamke, wala maskini hakumpita tajiri, basi karani anunuaye unga dukani asidhani kwamba jambo hili ni la wenye majembe peke yao. Tofauti ilikuwa ya mahali. Mkoa wa Mashariki ulikuwa juu, Pwani ikafuata. Nyanza, ambayo Kisii ilikuwa ndani yake wakati huo, ilikuwa chini kuliko mikoa yote, maana angalau nusu ya watu wake hawakuwa na alama ya kuweza kupimika.

Habari hiyo ni njema, lakini nusu si wote. Tena hesabu ya Nyanza ilichanganya milima ya Kisii yenye baridi na mwambao wa ziwa wenye joto. Na Mkisii hali mahindi ya Kisii tu: mashamba ni madogo, akiba huisha, na gunia linunuliwalo sokoni halisemi lilitoka wapi.

Ubaridi wa Kisii wamsaidia mkulima shambani, ila mvua yake yamsumbua wakati wa kuanika. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au kichanja, mpaka unyevu ushuke chini ya sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na mashine ya kupimia atwae chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise vizuri, kisha aiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi bado. Isipogandama, hata hivyo siku moja zaidi ya jua haidhuru, kwa kuwa kipimo hiki hakioni unyevu mdogo.

Punje zilizoota kuvu zitolewe kabla ya kusaga. Wengine huzitia katika busaa, na wengine humpa ng'ombe. Lakini busaa haiondoi sumu, na ng'ombe huirudisha nyumbani katika maziwa ya watoto.