Fundi, piga picha kabla ya plasta

Je, unajua nyaya za stima zimepitia wapi ndani ya kuta za nyumba yako? Usiharakishe kujibu. Hata mimi nilidhani najua, hadi jioni moja ya Jumamosi mwaka jana mume wangu aliposhika drili ili atundike rafu ya vitabu vya watoto.

Alitoboa mahali ambapo kwa macho yetu palikuwa ukuta mtupu. Soketi ilikuwa mbali, karibu na mlango. Mara tukasikia mlio, cheche zikaruka na nyumba nzima ikawa giza. Ncha ya drili ilikuwa imeyeyuka. Bwana alisimama kimya huku mikono ikimtetemeka, naye kitinda mimba wetu, aliyekuwa amemshikia stuli, akaangua kilio. Kilichotuokoa ni swichi ya usalama iliyojizima yenyewe.

Tulimtafuta fundi aliyeweka nyaya hizo. Nambari yake ya simu haikupatikana tena. Mchoro nao hatukuwahi kupewa, wala hatukujua kwamba tungeuomba.

Fundi mwingine alikuja Jumatatu. Badala ya kuanza kubomoa kwa nyundo, alitoa kifaa kidogo chenye ukubwa wa simu, akakipitisha ukutani polepole. Kila kilipolia, alitia alama ya chaki. Alipomaliza, alama zile zilionyesha waya uliokatiza ukuta kimshazari, mithili ya njia ya mkato shambani.

"Mama," akaniambia, "mwenzangu alikuwa akiokoa waya. Unapaswa kupanda wima kutoka kwenye soketi, au kwenda sambamba na sakafu, ili anayetoboa aweze kukisia ulipo."

Alipotoa waya ulioharibika na kulaza mpya, alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona. Aliweka utepe wa kupimia ukutani, kuanzia sakafuni na kuanzia kona, akapiga picha kwa simu yake. Ukuta hadi ukuta. Kisha akanitumia zote kwa WhatsApp. Ndipo akamruhusu mwashi apige plasta.

Naam, teknolojia imeingia katika mkoba wa fundi wa stima. Zamani wengi wetu tulizoea kumwona na bisibisi, koleo na testa tu. Siku hizi yule aliye makini huja pia na kipimo cha tarakimu. Wetu aliunganisha kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye waya, stima ikiwa imezimwa, ili kujua kama ngozi ya waya inavujisha. Hapo awali mafundi walitumia kile cha kuzungusha kwa mkono na kusoma mshale. Hiki huonyesha nambari kwenye kioo, nayo aliipiga picha pia. Hata orodha ya vifaa aliiandika kwenye simu, bei kando ya kila kitu, mume wangu akaenda kuilinganisha dukani.

Lakini tusidanganyike. Simu haimfanyi mtu kuwa fundi. Wapo vijana waliotazama video mbili tatu mtandaoni, wakanunua mita ya bei rahisi na kuanza kuingia katika nyumba za watu. Stima ya nyumbani hapa kwetu ni volti 240, na haijali uliyajifunza wapi. Tangu Sheria ya Kawi ya 2019, mafundi hawa hupewa leseni na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Leseni hizo zina madaraja, kulingana na ukubwa wa kazi ambayo fundi anaruhusiwa kufanya. Mwulize nambari yake kabla hajafungua boksi la fyuzi, kisha uithibitishe kwa mamlaka hiyo. Fundi wa kweli hatakasirika.

Basi, msomaji, ikiwa unajenga au unafanyia nyumba yako ukarabati, patana na fundi mapema kuhusu mambo matatu. Kwanza, apige picha za kila ukuta ulio na nyaya, utepe wa kupimia ukionekana, kabla ya plasta. Pili, akupe matokeo ya vipimo vyake. Tatu, mwashi asiguse ukuta hadi picha zimefika kwako. Mambo haya hayahitaji pesa nyingi, kwani simu fundi tayari anayo.

Picha hizo nazo usiziache katika simu moja. Simu huibwa, huanguka majini, na watoto hufuta vitu. Sisi tulizichapisha, tukaandika nyuma ya kila moja jina la chumba, tukazitia katika bahasha pamoja na stakabadhi za ploti. Siku tutakayouza au kupangisha nyumba, bahasha hiyo itakwenda na ufunguo.

Rafu ya vitabu sasa imetundikwa. Kabla ya kutoboa, Bwana alitazama picha mara tatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: na kabla ya kuuziba, upige picha.