Waraka kwa Mabaharia Wanachama: Mstari wa Mzigo na Masharti Yake

Kwa wanachama wote, walioko melini na walioko pwani wakisubiri mkataba.



Kusi limeshika, na meli za kwenda Uarabuni zinapakia. Msimu huu simu zinazoingia ofisini kutoka melini huanza karibu zote na swali moja: "Katibu, meli imezidi?" Ni swali la haki, lakini ni nusu tu ya jambo.

Nusu hiyo wengi mnaijua. Ubavuni, katikati ya meli, kuna duara lenye kipenyo cha milimita 300 lililokatwa na mstari, na kando yake vistari vyenye herufi. T ni maji ya kitropiki, S ni ya kiangazi, W ni ya majira ya baridi, F ni maji yasiyo na chumvi. Pwani yetu hii hupakia kwa T. Lakini anayetoka Mombasa kwenda Salalah mwezi wa Juni au Julai ajue kwamba Bahari ya Uarabuni wakati huo huhesabiwa kwa S, kwa sababu ya mawimbi ya kusi lenyewe. Meli ikiingia eneo hilo, S isiwe imezama. Basi ikiondoka gatini huku maji yakigusa T, muulizeni ofisa wa kwanza: mafuta na maji tutakayotumia njiani yatainyanyua kiasi gani kabla ya kufika mpakani? Hilo ni swali la hesabu wala si utovu wa adabu, na jibu lake anapaswa kuwa nalo.

Mstari huo haukuja kwa hisani ya mtu. Uingereza ya miaka ya 1870, baharia aliyetia saini kisha akakataa kupanda meli mbovu alipelekwa jela, na walifungwa kwa mamia. Wapo wenye meli waliokata bima kubwa kuliko thamani ya chombo, kikizama wakapata faida. Mbunge wa Derby, Samuel Plimsoll, alilivalia njuga jambo hilo. Mwaka 1873 alitoa kitabu, Our Seamen. Tarehe 22 Julai 1875, serikali ya Disraeli ilipouweka kando mswada wa usalama wa meli, alisimama bungeni akafoka, akawaita wenye meli wa namna hiyo waovu mbele ya Spika, hadi akaamriwa kutoka. Wananchi wakawa upande wake, na mwaka 1876 sheria ikapita.

Ila sheria ile ilimlazimisha mwenye meli kuchora mstari, haikumwambia auchore wapi! Kila mtu akajipimia mwenyewe. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja aliuchora kwenye dohani. Hadi ilipotungwa sheria ya 1890 ndipo mahali pake palipoacha kuwa hiari ya tajiri. Mkataba wa kimataifa ukafuata mwaka 1930, kisha ule wa 1966 ulioanza kutumika 1968, ambao ndio unaozibana hadi leo meli za mizigo za safari za kimataifa.

Kwa miaka 14, basi, mstari ulikuwepo ubavuni na haukumlinda mtu. Ninavyoona mimi, mstari wa namna hiyo tunao hata sasa: ule uliochorwa mahali pake barabara, umepakwa rangi mpya, juu ya meli ambayo mifuniko ya ghala inavuja.

Mkataba wa 1966 hauitazami meli kwa uzito peke yake. Kimo cha ubavu kinachobaki juu ya maji hupangwa kwa masharti: mifuniko ya ghala isipitishe maji, milango ya sitahani ifunge, mabomba ya hewa na vipitisha hewa viwe na vifuniko vyake, matundu ya kutolea maji sitahani yawe wazi. Sharti moja likivunjika, ile hesabu iliyouweka mstari pale haipo tena. Maji yanaweza kuwa nusu mita chini ya T na bado meli isifae kwenda baharini.

Mfano wake ni Derbyshire. Meli hii ya Uingereza ilitoka Canada kwenda Kawasaki, Japani, na shehena ya madini ya chuma ipatayo tani 157,000. Septemba 1980 ilikutana na kimbunga karibu na Okinawa, ikapotea na watu wote 44 bila hata wito wa msaada kusikika. Mabaki yalipatikana mwaka 1994. Ripoti moja ya 1998 iliwatupia lawama mabaharia, kwamba waliacha mlango mdogo wa stoo ya omo bila kuufunga sawasawa. Jamaa za marehemu hawakukubali. Uchunguzi uliofunguliwa upya ulimalizika mwaka 2000 na kuwasafisha: mawimbi yalivunja vipitisha hewa na mabomba ya omo, maji yakajaa kidogo kidogo, omo ikainama, na mfuniko wa ghala la kwanza ukashindwa kubeba uzito wa bahari. Kanuni za nguvu ya mifuniko zilikazwa baadaye, kuanzia 2005. Wale watu 44 walikuwa wamekufa mara moja kwa maji, mara ya pili kwa ripoti.

Kwa hiyo shikeni chaki. Kabla ya kupakia, paka chaki kwenye ukingo wa chuma unaokandamiza mpira wa mfuniko, funga, kisha fungua utazame mpira. Chaki ikiacha alama mfululizo, mpira unakaa. Ikikatika mahali, hapo maji yatapita. Kazi yenyewe ni fupi na serahangi yeyote anaiweza. Mabomba ya hewa nayo, fungueni vichwa vyake mwone kama kile kielea cha ndani kinacheza au kimegandishwa na rangi ya miaka. Tazameni pia matundu ya sitahani. Nimeyaona yameungwa kwa kuchomelea ili shehena ndogo isidondoke baharini, na aliyeyachomelea alisifiwa kwa usafi.

Wenzetu wa vivuko na meli za ndani, vyeti vyenu viko chini ya sheria za nchi, lakini bahari na ziwa havitofautishi. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka ziwani karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kibali chake kilikuwa cha watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Mtu wa ngazini ndiye wa kwanza kuiona hesabu ikizidi. Magunia yaliyorundikwa mbele ya matundu ya sitahani nayo yahesabuni kuwa ni hatari ileile.

Mkiona kasoro, hatusemi mgome. Semeni kwa mkuu wa idara, kisha kwa nahodha, na mara nyingi nahodha mwenyewe hushukuru, maana naye anasukumwa na wakodishaji. Akikataa, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unawapa haki ya kulalamika melini na kwa mamlaka za nje ya meli kuhusu hali zenu za kazi, na unakataza mtu kuadhibiwa kwa kulalamika. Mkaguzi wa bandari, awe wa TASAC ya Tanzania Bara, wa mamlaka ya Zanzibar au ya Kenya, ana uwezo wa kuizuia meli iliyozidisha au iliyobadilika ikapoteza sifa za cheti chake.

Malalamiko yasiyo na maandishi hayamfikishi mkaguzi popote. Andikeni tarehe na saa, kina kilichosomeka omo, katikati na tezi, kushoto na kulia, na kama maji ya gatini ni ya chumvi au ya mto. Pigeni picha ya alama na ya mahali penye kasoro, namba ya fremu ionekane. Nakala iletwe ofisini kabla kamba hazijafunguliwa. Jina la mleta taarifa halitatoka kwetu.

Katibu wa Tawi