Vuria Haijashindana na Mtu

Kijana mwenzangu akisimama juu ya Vuria, mita 2,208, mahali pa juu kabisa katika Kaunti ya Taita Taveta, huandika chini ya picha yake: "Nimeushinda mlima." Umemshinda nani, ndugu yangu? Mlima ule haukuingia uwanjani.

Mimi pia napanda milima, na sina ugomvi na mtu anayetokwa jasho kwa hiari yake. Ugomvi wangu ni na orodha. Wapo wanaokusanya vilele vya kaunti kama watoto wanaokusanya vizibo vya soda: hiki tayari, kimebaki kile. Lakini mipaka ya kaunti 47 tuliirithi kutoka kwa wilaya, kisha ikaingia katika Katiba ya 2010. Milima haikuulizwa. Kilele kirefu zaidi cha Elgon, Wagagai, kiko Uganda. Mwenye orodha atageuka mpakani na kutangaza kwamba amemaliza. Kumbe alichofikia ni mwisho wa mstari uliochorwa ofisini.

Na huko Vuria, aliyekazia macho kilele atakuta nini? Minara ya mawasiliano. Chenye thamani amekipita njiani. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu inayoanzia kusini mwa Tanzania. Msitu wake wa asili umebaki vipande vipande kati ya mashamba, misonobari na mikaratusi. Katika vipande hivyo, Vuria ikiwemo, anaishi apalis wa Taita, ndege mdogo asiyepatikana kwingine kokote duniani na aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Miti hiyohiyo hunasa ukungu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, matone yakashuka ardhini na kulisha vijito vya walio chini. Wewe umepita hapo ukitazama saa, ukaona kichaka.

Najua jibu: "Lakini tunaleta pesa." Basi linalofika na chakula chake, maji yake na kiongozi wake kutoka Nairobi linaiachia Wundanyi nini, zaidi ya chupa tupu? Kwenye njia zile nimepishana na akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, wakipanda mteremko uleule kwa kandambili. Hakuna anayewapigia makofi wala kuwapa medali. Kwao huko ni njia ya kurudi nyumbani.

Sisemi msiende. Nendeni, tena mlale. Mle hotelini Wundanyi, mmlipe kijana wa pale awaongoze, na mlipe vizuri, kwa sababu anajua mambo ambayo simu yako haiyajui. Mwulize mti huu unaitwaje kwa Kidawida, na kijito kile humwagilia mashamba ya nani. Mwulize msitu ulifika wapi bibi yake alipokuwa msichana.

Msitu mdogo kama ule hauokolewi na watu waliofika juu yake mara moja. Unahitaji watu watakaopiga kelele siku msumeno utakapoingia, na hakuna apigaye kelele kwa ajili ya kitu asichokijua jina.