Tusiipige Marufuku Mishale, Tuitie Manyoya



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), sisi wanafunzi wa darasa la juu tunaomba nafasi katika jarida hili kusema neno juu ya jambo lililotugawa mwaka huu hapa Ushongo, nalo ni jambo la mishale.

Lililotokea mnalijua wote. Siku ya mapumziko, nyuma ya madrasa, mdogo wetu mmoja alipachika mshale wa tete akakilenga kifuu kilichotundikwa mtini. Mshale ukatoka vizuri, ukafika katikati ya njia, ukageuka ubavu, ukamchoma mwenzake juu kidogo ya kiwiko. Alhamdulillahi, kidonda kimepona. Lakini tangu siku ile pinde zimevunjwa mbele ya macho yetu, na imesemwa kwamba atakayeonekana na uta hana nafasi hapa.

Sisi tuliuokota mshale ule tukautazama. Tete lenyewe lilikuwa bichi, limepinda kama kiko. Mbele pamefungwa msumari. Nyuma hapakuwa na unyoya hata mmoja. Kwa maoni yetu, kilichomdhuru yule mtoto ni mshale uliokuwa haujamalizika kutengenezwa. Na atakayevunja pinde bila ya kufundisha kutengeneza mishale atakuta mwezi ujao watoto wamekata fito nyingine kule kwenye mikole, wamejificha mbali zaidi, wakirusha mishale mibovu ile ile pasipo mkubwa wa kuwaona.

Tuanze na mshale wenyewe, maana wengi wanaouzungumza hawajapata kuushika. Mshale una uzito wake mbele, kwenye chembe. Upote unapouachia, nguvu inausukuma kutoka nyuma, na ufito ule mwembamba hupinda ukachezacheza kama mkunga majini kabla haujanyooka. Ukiwa hauna kitu nyuma cha kushikwa na upepo, mkia wake unatangatanga, mara unataka kuwa mbele. Unyoya hufanya kazi ile ile ya mkia wa tiara. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba tiara isiyo na mkia hupiga chini kwa kichwa, wala haambiwi aichome moto tiara yake. Huambiwa tia mkia.

Sasa, manyoya yakifungwa matatu yaliyonyooka sambamba na ufito, mshale utakwenda. Lakini mishale yetu ni ya tete na mianzi ya kukata wenyewe, na hakuna ufito wa kukata mwenyewe ulionyooka barabara. Mshale uliopinda kidogo upande wa kulia utavutwa upande mmoja safari nzima mpaka uikose shabaha. Ndiyo sababu mafundi huyapinda manyoya yakauzunguka ufito kama mpilipili manga wa Muheza unavyouzunguka mti. Upepo ukipita juu ya manyoya yaliyokaa hivyo, mshale huzunguka kama kititia cha makuti. Na mshale unaozunguka, kombo lake huwa mara liko kulia, mara juu, mara kushoto, mara chini, hivyo makosa yanafutana yenyewe kwa yenyewe na mshale unashika njia. Mzunguko huo una gharama yake, kwani unapunguza mwendo. Kwetu sisi gharama hiyo ni faida, kama tutakavyoeleza.

Kuna siri moja ambayo ilitupotezea wiki mbili nzima. Unyoya wa bawa una mpindo wake wa asili, na mpindo wa bawa la kushoto ni kinyume cha ule wa kulia. Ukichanganya manyoya ya kushoto na ya kulia katika mshale mmoja, moja linazungusha huku na jingine linazungusha kule, na mshale unakwenda kama mlevi. Yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, na yapindwe kuufuata mpindo wao. Mwenzetu aliyekuwa akiokota manyoya chini ya banda bila ya kuchagua ndiye aliyetuchelewesha. Tumemsamehe, ila jina lake tunalihifadhi.

Namna ambayo tunaipendekeza hasa kwa wadogo ni nyingine, ya kuzungusha unyoya mzima. Chukua unyoya mrefu wa bawa la bata, shubiri moja au zaidi. Pasua uti wake katikati kwa wembe, kisha ukwangue uti ule taratibu mpaka uwe mwembamba kama ukili, bila ya kuung'oa unyoya. Uloweke kidogo katika maji ya vuguvugu ili usikatike. Pakaa gundi nyembamba kwenye ufito. Funga ncha moja ya unyoya kwa uzi wa mkonge uliopakwa nta, mahali panapotosha kiganja na vidole viwili kutoka pale upote unapokaa, halafu uzungushe unyoya kurudi nyuma, mara nne au tano, ukiacha upana wa kidole kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Uzi uvutwe huku unaviringishwa, usilegee. Malizia vidole viwili kabla ya mwisho, ili mpigaji apate pa kushika. Ukikauka, unyoya utasimama pande zote mfano wa brashi ya kusafishia chupa.

Mshale wa namna hii huondoka kwa nguvu, huvuma kama nyuki, kisha huchoka ghafla na kuanguka. Tuliujaribu ufukweni kwa uta mmoja, mpigaji mmoja. Mshale wa manyoya matatu ulipita ngalawa iliyopinduliwa ukaenda kulala mbali kwenye majani. Wa unyoya wa kuzungushwa haukuifikia ngalawa. Mbele tulikuwa tumeufunga kitambaa badala ya msumari. Hatusemi kwamba mshale huo hauwezi kuumiza jicho. Unaweza, na ndiyo maana lazima awepo mkubwa. Tunasema kwamba uwanja wetu ni mdogo, na mshale unaojua kuanguka ndani ya uwanja ndio unaowafaa wenye uwanja mdogo.

Huenda mtu akauliza, mambo haya yanaihusu nini madrasa? Tunajibu kwa adabu kwamba tumeyakuta katika vitabu tunavyosomeshwa. Katika Sahihi Muslim, Uqba bin Amir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa juu ya mimbari, aliieleza ile nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kupiga shabaha, akalirudia neno hilo mara tatu. Katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi imepokewa kwamba mshale mmoja huwaingiza peponi watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyeutengeneza akikusudia kheri. Fundi naye amehesabiwa pamoja na mpigaji! Na katika karne ya 14, zama za Mamluki, Taybugha al-Baklamishi aliandika kitabu cha fani hii kwa Kiarabu, akakiita Ghunyat at-Tullab, maana yake kinachowatosheleza wanafunzi. Angalieni neno lenyewe, ndugu zetu: tullab. Hakulielekeza jina la kitabu kwa majemadari.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Hapa Tanzania, Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi mpaka leo hujitengenezea mishale. Hunyoosha fito kwa moto na kwa meno, na hufunga manyoya kwa kano za wanyama. Na katika pwani yetu, Wareno walipoivamia Mombasa mwaka 1505 walipokewa kwa mishale.

Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu sana, alituambia kwamba zama za uta zimekwisha. Akatukumbusha Bushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani hapa Pangani na kunyongwa Desemba 1889. Vita vile, alisema, vilikuwa vya bunduki na mizinga. Maneno yake ni ya kweli kabisa. Lakini sisi hatujiandai kwa vita yoyote. Tunachotafuta ni utulivu wa mkono, subira ya macho, na kazi ya kufanya kwa vidole baada ya Alasiri badala ya kukaa vibarazani. Tena mchezo huu unaheshimika duniani. Mturuki Mete Gazoz alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 2021, na timu ya wanawake wa Korea Kusini haijapoteza dhahabu ya Olimpiki tangu mwaka 1988 hadi Paris mwaka 2024. Wapigaji wengi wa huko hufunga nyuma ya mshale vipande vyembamba vya plastiki vilivyojikunja, ili mshale uzunguke. Ni lile lile tunalolifanya kwa bata wa nyumbani.

Wasiwasi wa wazazi ni mkubwa zaidi, na hatuudharau. Aliyechomwa ni mtoto wa mtu. Hata hivyo tunawauliza wazazi wetu, ambao wengi wao ni wavuvi: nani kati yenu amemkataza mwanawe kushika kisu cha kupasulia samaki, au kuguswa na chusa? Mlikaa naye ngalawani mkamwonyesha namna ya kukishika. Tunaomba uta upewe haki hiyo hiyo.

Na sisi nasi tukiri yetu. Baadhi yetu, kabla ya kufikia umri huu, tuliwahi kumfanya mdiria shabaha pale kwenye mikoko, si kwa njaa, kwa mchezo tu. Hilo halina utetezi. Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga, nao walipomwona wakatawanyika, akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo anayetaka mishale irudi ili apate kuwinda, asitie sahihi yake pamoja nasi. Zaidi ya hayo kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kusini kwetu ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kijana atakayekutwa porini na uta na podo hataulizwa kama ni mwanafunzi wa madrasa. Atahesabiwa jangili, na jina la madrasa litakwenda pamoja naye.

Hali kadhalika manyoya. Tumesikia wengine wakisifu manyoya ya tumbusi na ya furukombe kwamba ni magumu na hayalowi upesi. Yaacheni. Tumbusi wanakwisha Afrika nzima, na mmoja wa aina zao, yule mwenye mgongo mweupe, tangu mwaka 2015 amewekwa katika kundi la viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Bata mzinga ana unyoya bora, bata bukini pia, na bata wa kawaida anatosha. Jogoo anafaa kwa manyoya ya mabawa. Ya mkia ni laini, yanapendeza machoni basi.

Tunaomba uwanja wetu uwe ufukweni, maji yakiwa yametoka, tukiipa bahari uso. Usiwe kamwe upande ule yanakozikwa mayai ya kasa yanayohamishwa kutoka kisiwa cha Maziwe, ambacho maji yakijaa hufunikwa. Asipite mtu mbele ya mstari mpaka mishale yote iishe na ustadh aseme. Anayebeba mishale njiani, au kwenye kivuko akienda Pangani mjini, aishike upande wa chembe, kwani hilo nalo tumeamrishwa katika hadithi ya Abu Musa (R.A.) kuhusu anayepita msikitini au sokoni. Na dada zetu wapewe siku yao. Nusayba bint Ka'b alisimama Uhud na upanga na uta, sembuse wao kusimama mbele ya kifuu.

Tumekwisha kumwomba ustadh wetu atupe mwezi mmoja wa majaribio, kwa pinde tatu tu zitakazokaa kabatini kwake na kutolewa Alhamisi baada ya Alasiri. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema kwanza tumwonyeshe mishale. Tunayo kumi na miwili, saba ni ya unyoya wa kuzungushwa. Yule mdogo wetu aliyechomwa ndiye aliyetushikia uzi wakati wa kuifunga, na amekwisha jua kuukwangua uti kuliko sisi.

Manyoya hayatoshi. Atakayechinja bata nyumbani kwao asiyatupe mabawa. Atuletee, ya kushoto katika mfuko wake na ya kulia katika mfuko wake.

Wabillahi tawfiq.