Lubumbashi: mizizi ya mupapi inauzwa kila siku, ni nani anaihesabu?

Kwenye masoko ya Lubumbashi, iwe Kenya, Katuba ao Ruashi, wauzaji wa dawa ya kienyeji wanatandika gunia chini na kupanga mali yao: mizizi, magome, majani makavu, unga uliofungwa ndani ya vikaratasi. Mnunuzi anafika na kuuliza: "Mama, uko na mupapi?" Anajibiwa: "Iko, baba. Ya kichwa ao ya tumbo?" Kipande kinakatwa, franka zinatoka mfukoni, kila mtu anaendelea na njia yake. Mzizi ule umetoka pori gani, na mgonjwa atakunywa kiasi gani, mara nyingi hakuna anayeuliza.

Mupapi ni jina la Kibemba. Wenye elimu ya mimea wanauita Securidaca longipedunculata. Ni mti mdogo wa pori la miombo, na mwishoni mwa kiangazi unatoa maua ya zambarau yenye harufu tamu. Lakini mnunuzi wa sokoni hatafuti maua. Anatafuta mzizi. Katika inchi nyingi za Afrika watu wanautumia kwa maumivu ya kichwa na ya meno, kwa kikohozi, kwa nguvu za kiume, hata kwa mtu aliyeumwa na nyoka.

Anayewahi kukwangua mzizi huo anajua harufu yake: ni kama ile ya pomada ya kupaka misuli inayouma. Hilo lina sababu. Gome la mzizi limejaa methili salisilati, kitu kile kile kinachotiwa ndani ya pomada hizo, na ambacho ni ndugu wa aspirini. Watafiti waliofanya kazi Ghana walionyesha kwamba harufu hiyo inafukuza wadudu wanaokula nafaka kwenye ghala. Kwa hiyo wazee hawakuota tu: mzizi una nguvu ya kweli.

Na nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Methili salisilati ikinywewa kwa wingi ni sumu, zaidi sana kwa mtoto. Mzizi una pia saponini, zinazochoma tumbo. Katika inchi kadhaa za kusini mwa Afrika, mti huu unajulikana kama dawa na kama sumu vilevile. Tofauti iko kwenye kipimo.

Zamani kipimo kilikuwa na mwenyewe. Munganga alikwenda porini yeye mwenyewe, akachimba, akaacha mizizi mingine, akarudi na kumtazama mgonjwa kabla ya kumpa. Akikosea, kijiji kizima kilijua mlango wake. Mjini kazi hiyo imegawanyika: mmoja anachimba, mwingine anasafirisha, wa tatu anauza, na mgonjwa anajipimia mwenyewe nyumbani. Tena mzizi ukishakatwa vipande na kukauka, si rahisi kuutofautisha na mwingine. Ujuzi wa munganga umebaki nyuma, mzizi peke yake ndio uliofika mjini.

Upande wa pori nao una hesabu yake. Wakaaji wa Haut-Katanga wamezoea kusikia kwamba makala ndiyo yanamaliza miombo, na ni kweli kwamba pori limerudi nyuma sana kuzunguka Lubumbashi kwa sababu ya makala, mashamba na migodi. Lakini miombo ina akili yake: mti ukikatwa kwa shoka, kisiki na mizizi vinabaki, na mvua ikirudi vinachipuka. Jembe la mchimba dawa linaondoa kile ambacho shoka liliacha. Akikata mzizi mmoja wa pembeni na kufukia shimo, mti unaweza kuendelea. Aking'oa yote, hakuna kitakachochipuka. Na mupapi si mti rahisi kuotesha kwenye kitalu.

Wakaaji wa Kivu wanaijua hadithi inayofanana na hii. Gome la Prunus africana lilitafutwa sana na viwanda vya Ulaya kwa dawa ya tezi ya wanaume, miti ikachunwa mpaka ikakauka imesimama. Tangu 1995 mti huo uko kwenye orodha ya CITES, mapatano ya kimataifa yanayosimamia biashara ya mimea na wanyama wa pori. Mupapi hauko kwenye orodha hiyo. Afrika Kusini imeuweka kati ya miti inayolindwa na sheria yake ya misitu ya 1998. Huku kwetu, mzizi hauendi Ulaya, unaenda Katuba. Kwa kuwa hauvuki mpaka na makontena, hauonekani kwenye karatasi za serikali.

Sheria yenyewe haikukaa kimya. Kodi ya misitu ya 2002 inawaruhusu wenyeji kuchuma porini kwa mahitaji yao. Kuuza walichochuma kwa haki hiyo ni jambo lingine: kwa kanuni haikubaliwi, isipokuwa matunda na mazao ambayo gavana wa jimbo ameweka kwenye orodha. Kwa maneno mengine, mlango uko mkononi mwa jimbo. Kukataza biashara yote kungeifukuza tu kwenye kificho, na kuwanyima chakula mama wanaoishi kwayo. Orodha iliyo wazi, inayosema mzizi gani unauzwa na unachimbwa namna gani, ingemlinda muuzaji na mti pamoja.

Njia ya pili iko kijijini. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake, mpaka hektari 50 000. Kijiji chenye msitu wake kinaweza kuamua nani anachimba, wapi, na kwa majira gani. Kisicho na karatasi kinabaki kuangalia watu wa mjini wakija na majembe.

Njia ya tatu ni ya hospitali na waganga. Wafamasia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamekuwa wakiwauliza waganga na kupima mimea yao kwenye maabara. Kazi hiyo inahitaji kushuka mpaka sokoni, kwa lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wanaisikia.

Kwa sasa, mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja gavana: kutompa mtoto mzizi huu anywe, kumwambia munganga wa hospitali kila dawa ya kienyeji iliyonywewa, na kumkimbiza hospitali mara moja mtu aliyeumwa na nyoka. Kwa mchimbaji, ni neno moja tu la wazee: acha mzizi mwingine ardhini. Mwaka kesho atahitaji kurudi, na mti uwe ungali pale.